Kwa Baba Yetu Tammas Rendall, Aliyesemwa Hakuacha Mtoto

Mwaka umetimia, Baba, tangu wakuzike nyuma ya ghala la ngozi, baada ya kuwasha moto juu ya ardhi ili udongo ulioganda ulainike. Sisi wanao tulisimama nje ya uzio. Mchungaji alisoma, akafunga kitabu chake, akasema umemwacha mjane, Bibi Harieti, na kwamba Mungu hakukujalia mtoto. Magnas, mkubwa wetu, alitaka kuuruka ule uzio. Mama akamshika mkono, akamwambia tumeshasikia, twende zetu.

Ulifika huku Athabaska, kaskazini mwa Kanada, ukiwa kijana kutoka visiwa vya Orkni, hujui hata kuwasha moto wa kuni mbichi. Mjomba Mahkesis, kaka yake Mama, alikuwa akicheka mpaka machozi kila alipoeleza ulivyopanda mtumbwi wa magome ukiwa umesimama wima kama mtu anayeingia kanisani, mkazama wewe na yeye. Mama alikufundisha kusema Kikrii, lugha ya kwao. Hata ulipokuwa mkuu wa kituo cha biashara, ngozi za biva, wale wanyama wa mtoni wenye manyoya mazito, ulizihesabu kwa Kikrii, na makarani wapya walikushangaa.

Hatutasema ulikuwa mtu mbaya, maana ingekuwa rahisi zaidi kwetu. Majira yale ya njaa, sungura walipotoweka, Kampuni ya ngozi iliyokuajiri ilikataza kumpa baruti mtu yeyote asiyeleta ngozi. Wewe ulilifungua ghala. Karani wako aliponung'unika ulimwambia, "Maiti hategi biva." Watu wa ziwani wanakutaja kwa hilo hadi leo. Na tulipokuwa wadogo, tukirudi kutoka kwenye mitego miguu imekufa ganzi, ulifungua shati ukaibana kwenye tumbo lako, huku ukipiga kelele za uongo kwamba tunakuua kwa baridi.

Ile njia ya kuvuka milima, iliyokupatia sifa kule ng'ambo, hukuipita peke yako. Mjomba alitangulia na mbwa. Mama alifuata, binti yenu Betsi akiwa mgongoni, na kila jioni alikaa kushona upya nyavu za viatu vya thelujini vilivyokatika mchana, kwa sababu bila viatu vile hakuna ambaye angefika popote. Katika kurudi, barafu ya mto ilimmeza Mjomba. Ulilia, tunakumbuka. Kisha mto ule ukaupa jina la bwana mmoja wa Kampuni ambaye hajawahi kuuona.

Ukaenda kwenu likizo. Mama aliishi kwenye nyumba ile aliyoikandika udongo kwa mikono yake, akikungoja. Boti zilipoonekana, alituvalisha mavazi mapya ya ngozi ya kulungu yenye shanga, tukashuka ufukweni. Ulimteremsha mwanamke mwenye kofia, ukimshika kiwiko asiteleze. Ulipotufikia ulizungumza Kikrii, taratibu, ili yeye asielewe.

"Mama Magnas, rudi kwa baba yako na watoto. Nitawaletea mahitaji."

Mama alikuuliza kama usiku huo tutalala kwenye nyumba au la. Uliinama ukamfunga mdogo wetu Jozefu kamba ya kiatu, naye kamba yake haikuwa imefunguka.

Mahitaji ulileta, hatukatai. Blanketi, unga, baruti, vyote vilifika kwa mkono wa mtu mwingine. Wewe mwenyewe hukuja. Tulipokuja kituoni kuuza ngozi ulitusalimia kama unavyosalimia wawindaji wote.

Halafu kifua kikakuangusha, ukamwita Mama. Tulikuja naye sote. Bibi Harieti alituangalia mmoja mmoja, macho yake yakakaa muda mrefu kwenye pua ya Magnas, ambayo ni yako tupu. Alituelekeza tupitie mlango wa jikoni.

Mama alikuinua akakunywesha supu ya samaki. Ulimwomba msamaha. Alikufuta mdomo kwanza.

"Msamaha sijaja nao, Baba Magnas," alisema. "Mchungaji akija, mwambie hawa watatu ni wanao. Sitaki kingine."

"Nitamwambia."

"Ukiwa na nguvu za kusema, sema kwa sauti."

"Nimekuambia nitamwambia."

Mchungaji aliingia na mkeo. Alikuuliza kama kuna jambo lolote linalokulemea moyoni. Tulikuwa pale pale, Baba, tumejipanga ukutani, kofia mikononi. Ulimtazama yeye, ukatutazama sisi. Sauti ulikuwa nayo, maana ulikuwa umetoka kuomba maji. Ukageuza uso upande mwingine, ukasema hapana, hakuna.

Mama alichukua bakuli lake akatoka. Hakukimbia, wala hakulia hadi tulipovuka mto. Ulikata roho kabla hatujafika kwetu ziwani, na mtu alitufuata kutuambia.

Tangu hapo watu wamekuwa wakitufariji kwamba ulikuwa mgonjwa, kwamba uliogopa kumvunjia heshima mwanamke yule mbele ya wageni. Huenda. Wewe uliyevuka milima ambayo hata wenyeji waliihofia, ulishindwa na neno moja kitandani. Tumelijadili kila namna na halipungui uchungu.

Basi tunalisema sisi, palipo na watu, kwa kuwa wewe hukulisema. Wanaokukumbuka ni Mama yetu Nipisis, mkeo wa kwanza, uliyemwoa mbele ya baba yake na ndugu zake wote. Magnas, mwanao wa kwanza. Betsi, binti yako. Jozefu, kitinda mimba wako. Na mjukuu wako, mtoto wa Betsi, aliyezaliwa wakati wa kiangazi, ambaye tumempa jina la Mjomba Mahkesis, si lako.

Tumejaribu kukusahau, Baba. Imetushinda.