Ushuhuda Nilioutoa Mapema

S.L.P. 4176,
Eldoret.
9 Juni 2016.

Mpendwa kaka Wamalwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Langas. Hujambo huko Winnipeg? Shemeji Sylvia na watoto hawajambo? Huku mvua imetukubali na mahindi yanafika magotini. Watoto wangu wote wazima.

Mimi mwenyewe siwezi kuandika kwamba ni mzima, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unayakumbuka maumivu ya kifua yaliyonianza mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi kuteketeza cherehani zangu na wewe kuhama. Kila niliyemweleza alisema ni mawazo. Nami nilikubali, maana nani hakuwa na mawazo mwaka ule?

Mwaka jana nilipigwa ile picha ya mishipa ya moyo, ikaonekana iko wazi. Jumapili nikasimama kanisani na karatasi mkononi, nikatoa ushuhuda kwamba nimeponywa. Akina mama walipiga vigelegele. Nyumbani nikatupa dawa za kifua nilizokuwa nikimeza, nikakupigia simu, nawe ukalia.

Wiki mbili hazikuisha, maumivu yakarudi nikiwa nimebeba jora moja tu la kitambaa. Nilinyamaza mwaka mzima, kaka. Niliona aibu, kana kwamba nimemfanya Mungu muongo.

Mwezi uliopita nilizidiwa, jirani yangu Nduta akanikokota hadi kwa daktari mwingine, Dkt. Sumeya. Alinibandika waya kifuani, akanitembeza kwenye mashine mpaka maumivu yakaja, na mistari ya moyo ikabadilika. Nikamwonyesha karatasi yangu ya mwaka jana.

“Mama, hiyo picha ilionyesha mishipa kubwa peke yake,” akaniambia. “Zile ndogo kabisa haziwezi onekana hapo, na nafikiri ndizo zinakataa kufunguka. Hii si mawazo.”

Mashine ya kuipima mishipa hiyo midogo yenyewe hana, lakini aliunganisha dalili na vipimo vyote, akaniandikia dawa, na sasa nalala vizuri zaidi. Nilitoka pale nikilia kwa furaha. Fikiria mtu kufurahi kuambiwa ni mgonjwa!

Kwa hiyo ile tiketi ya ndege uliyoniahidi usinitumie. Najua unaamini nikihama Eldoret moyo utatulia, lakini mishipa hii nitahama nayo. Sitoki.

Jumapili hii nitasimama tena kanisani. Mchungaji ananisihi nisiwavunje watu moyo. Nimemjibu kwamba Mungu hakusema uongo, mimi ndiye niliyeharakisha. Kinachoniuma zaidi ni Tryphosa wa kwaya. Siku ile aliponisikia, naye alitupa dawa zake za moyo, akaacha kliniki. Siku hizi namwona akishika kifua katikati ya wimbo.

Nimeshaongea na Dkt. Sumeya. Jumatatu asubuhi atatuona wawili. Tryphosa bado hajui. Ataambiwa mbele ya wote, na mtu yule yule aliyempoteza.

Nisalimie shemeji Sylvia, na Ronnie mwambie shangazi yake bado anashona. Mungu awafunike huko ugenini, na mimi anipe sauti isiyotetemeka.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nekoye