Betri ya Saa ya Muderhwa

Jumapili, 23 Mei 2004
Draiva yangu, programu ya kusoma diskete, imegoma tena! Mfumo endeshi wetu wa kompyuta unawaka, unaandika juu tarehe uliyotengenezwa na kompaila, halafu kimya. Miaka miwili mimi na Muderhwa tunaujenga wenyewe, mstari kwa mstari. Naandika draiva hapa Kamembe, upande wa Rwanda, na kuzijaribu kwenye mashine kuukuu ya sekretaria, ofisi ya kuchapa. Kompaila, inayogeuza mistari yetu kuwa mfumo na kuubandika tarehe ya kompyuta, iko kwake Bukavu. Diskete zinavuka mto Rusizi ndani ya kapu la mchuuzi Maman Odette, chini ya nyanya. Leo ameleta na kijibarua cha Muderhwa: betri ya saa ya kompyuta yake imekufa. Kila akiwasha, mashine inaanza kuhesabu upya toka mwaka 1980, na yeye anaingiza tarehe kwa mkono. Anaomba nimtafutie nyingine. Muderhwa husahau kula, tarehe hasahau!

Jumatano, 26 Mei
Kosa nililipata: nilisoma diskete kabla mota haijashika kasi. Maman Odette amevuka asubuhi na draiva mpya. Mchana — risasi ng'ambo. Na betri niliyomnunulia nimeisahau mezani. Mjinga mimi!

Jumatano, 2 Juni
Bukavu imeanguka mikononi mwa waasi. Simu ya Muderhwa haiingii. Nimesimama darajani tangu asubuhi, natazama kila uso unaovuka. Wake haupo.

Ijumaa, 4 Juni
Simu hakuna. Sili. Papa Gratien, mwenye sekretaria, ameniambia niende nyumbani. Nikafanye nini nyumbani?

Jumamosi, 5 Juni
Maman Odette amevuka! Hana kapu wala nyanya. Amefungua fundo la kitenge, akatoa diskete — mwandiko wa Muderhwa juu yake.
— Jirani yake njo alinipatia. Ye mwenyewe sikumuona. Mulango yake ilikuwa wazi, hakuna muntu.
Jirani aliipata lini? Hajui, siku zote zimemchanganyikia. Lakini tarehe ya kwenye mfumo itaniambia! Ikiwa ni baada ya Jumatano hii, basi mji ulianguka naye akabaki hai. Na umeme hakuna. Mungu wangu, leo ndiyo siku ya kukata umeme?

Jumapili, 6 Juni
Wamefunga daraja. Umeme umerudi saa nne. Nimeweka diskete. Mota imezunguka, draiva imesoma mpaka mwisho — mara ya kwanza tangu tuanze! Papa Gratien amepiga makofi. Nikapandisha macho kwenye mstari wa juu.
1 Januari 1980, 00:04.
Dakika nne tu tangu awashe mashine. Tarehe hakuingiza. Muderhwa, nani alikuwa mlangoni? Ningetuma betri ningejua siku, ningejua angalau siku!
— Si inatembea? anasema Papa Gratien. Furahi basi, ma fille, binti yangu!
Betri iko hapa, kando ya kalamu. Naitia mfukoni, nashuka nayo darajani kumngojea Muderhwa. Papa Gratien anauliza naenda kwa nani, na daraja limefungwa.