Mama Ameniondoa Kwenye Sala, Ameweka Friji

Mshauri mpendwa, nisaidie upesi maana nyumbani hakukaliki. Nasoma sosholojia mwaka wa tatu, na mwalimu alituagiza tuchunguze jinsi dini inavyoishi ndani ya familia, sasa mimi kwa uvivu wangu nikaona nihangaike wapi na familia ninayo, nikawa kila jioni wenzangu wakifumba macho kusali kabla ya kula mimi nafumbua na kuandika chini ya meza nani kasinzia na nani anachungulia sufuria, bibi nikamwandika kwamba husema amina kabla sala haijafika katikati, na mama ndiye aliyenipa matokeo matamu kwa sababu niligundua sala anaitumia kugawa kazi, Jumanne alisema, "Ee Mungu, mkumbushe baba wa watoto hawa lile bomba la jikoni," baba akafumbua jicho moja, nalo nikaliandika.

Juzi mama alikuwa anatafuta kalamu, akalikuta daftari, akalisoma lote akiwa amesimama. Kabla ya chakula cha jioni baba na bibi nao walishajua yaliyomo. Siku hizi baba anasali amevaa koti, kwa sauti ya mkutano wa hadhara, bibi ananinong'oneza, "Mjukuu wangu, ya jana futa, leo nimejiandaa," chakula kinapoa, utafiti umeharibika, lakini yote hayo nayavumilia. Kinachoniuma ni kwamba tangu utotoni mama humalizia, "Na huyu kitinda mimba wangu, mpe akili," na sasa akifika hapo anaombea friji. Friji, mshauri! Nilipomuuliza akasema, "Friji haliniandiki." Nifanyeje, na ripoti ni Ijumaa?

Mtafiti wa Mezani

Mtafiti, pole, ingawa nusu ya pole hii ni ya mama yako. Nimecheka hadi mwenzangu wa dawati la pili akaja kuchungulia, kisha nikakasirika. Wageni ungewaomba ruhusa kabla ya kuwahoji, sivyo? Sasa aliyekuzaa ndiye wa kuviziwa? Na hilo bomba, hukujiuliza kama alishamwambia baba yako mara ishirini kabla ya kulifikisha kwa Mungu?

Nimesoma barua yako mara mbili nikimtafuta mtu mmoja, sijamwona. Umewaandika wote waliofumbua macho, ukajisahau wewe usiyeyafumba hata siku moja.

Mpelekee mama daftari kwa mikono miwili, umwombe radhi bila kuchomeka maneno ya chuoni. Kurasa asizozitaka azichane, na akichana zote, nenda kwa mwalimu ukamweleze ukweli, umwombe muda. Bomba lirekebishe wewe, leo leo. Jioni kaa mezani mikono mitupu, ufumbe macho mpaka mwisho, na akiliombea friji, itikia amina kwa sauti, wala usinune. Ataendelea nalo siku mbili tatu, namjua mama wa namna hiyo, ninaye kwangu.

Siku atakapokutaja tena, nakusihi, usiandike.