Mke Wangu Alinyamaza Nusu Saa, Nikamtoa Nje Ajitambulishe Upya

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijabaki matofali, maana mke wangu ameondoka na aliyebaki ni kaka yake, na huyo kaka ndiye niliyetaka aondoke.

Mimi ni mwandishi wa programu, natengeneza kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java mifumo ya ofisi inayotumika mtandaoni, na kazi yangu hasa ni mlango: mtu anajitambulisha kwa jina na nenosiri, mfumo unamfungulia kikao, yaani muda wake wa kuwa ndani, akikaa nusu saa bila kugusa kitu kikao kinakufa, na akigusa tena anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia ajitambulishe upya. Utaratibu huo niliuweka baada ya mhasibu wetu kwenda kula na kuacha kompyuta wazi, mtu asiyejulikana mpaka leo akakaa pale akamwidhinishia kila mfanyakazi likizo, ofisi ikabaki na bosi peke yake, na nilipoziba mwanya ule bosi akanisifu mbele ya watu, nadhani hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Sasa mshauri, nyumbani tuna huyo shemeji yangu tuliyempa jina la Kidogo Tu, kwa sababu alikuja na mkoba mmoja akasema anapumzika kidogo tu, na siku hiyo jirani alijifungua, na mtoto huyo wa jirani leo anatembea na ameshatuvunjia kioo. Nikajiambia, huyu ni mtu aliyejitambulisha mara moja akaachiwa kikao kisichokufa. Kumfukuza kwa mdomo niliona aibu, kwa hiyo nikaweka kanuni ya nyumba nzima ili isionekane namlenga yeye: yeyote atakayekaa kimya nusu saa atatoka nje, abishe hodi, ataje jina na neno la siri, ndipo aingie.

Kumbe Kidogo Tu hanyamazi. Mara maji kidogo, mara rimoti kidogo, mara chaja kidogo, na kwa kanuni yangu mwenyewe kila akiomba kitu nusu saa yake inaanza upya, hivyo hajatoka hata mara moja. Anayetoka ni mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na akipima nguo hushika pini mdomoni, sasa mtu mwenye pini mdomoni ataongea nini, nikawa namtoa nje na pini zake. Binti yetu alikuwa chumbani anasoma, muda wake ukaisha bila yeye kujua, akaita kuomba mkasi, nami badala ya mkasi nikamsomea maneno yote ya mlangoni, karibu nyumbani, tafadhali jitambulishe, akanijibu kwa upole kwamba yeye ameomba mkasi. Mama mkwe alipokuja nilimwambia haruhusiwi kukanyaga baraza kabla hajajitambulisha, na kujitambulisha kunafanyika barazani, akawa anatoka getini kwenda barazani na barazani kurudi getini mpaka miguu ikamchoka, akaenda zake.

Juzi mke wangu aliweka nguo chini, akatoa pini mdomoni, akaniambia, "Baba watoto, kuna jambo nataka nikwambie." Kisha akanyamaza, anaangalia mikono yake. Nikasubiri, nusu saa ikatimia, nikamwonyesha mlango. Akatoka, akabisha, akajitambulisha vizuri kabisa, nami nikamkaribisha kama ninavyomkaribisha kila mtu, nikamuuliza habari za huko nje. Akanitazama, akabeba cherehani yake, akaenda kwa dada yake. Nikipiga simu anasema samahani, muda wako umekwisha, anakata. Nimemwambia mimi ni mumeo, akasema taarifa hizo si sahihi. Mshauri, nampenda mke wangu na siwezi kulala. Niongeze muda uwe saa nzima, au nibadilishe neno la siri?

Mimi, Mlinda Mlango

*

Mlinda Mlango, marahaba. Jibu hili ni la pili. La kwanza nililiandika kwenye mfumo wa gazeti letu, nikanyanyuka kunywa chai, niliporudi nikabonyeza kutuma, nikapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia, nikajitambulisha, nikatupwa ukurasa wa mwanzo kutakiwa siku njema, na maneno yangu yote yakawa yameyeyuka. Lile la kwanza lilikuwa na huruma zaidi.

Hata hivyo pole, mgeni asiyeondoka anachosha. Lakini wewe uliogopa kusema, ukauita woga wako kanuni. Mtu kama Kidogo Tu hapimwi kwa ukimya. Anapimwa kwa siku aliyoingia, anawekewa mwisho usiosogea hata aombe maji mara mia. Mwambie leo kwa mdomo wako, kwa heshima, na umbebee mkoba mpaka kituoni. Binti akiomba mkasi mpe mkasi, na kama muda wake umekwisha mwambie kwa neno moja, si hotuba. Na pale mahali pa kujitambulishia usiweke mlinzi, kwa sababu anayefika hapo ni yule ambaye bado hajatambulika, asiposimama hapo atasimama wapi? Kamwombe mama mkwe radhi, na akikuambia zunguka kwanza, zunguka.

Sasa mkeo. Saa nzima haitakusaidia, wala neno la siri. Umeniandikia habari za rimoti, chaja na kioo kilichovunjwa, na hakuna mahali ulipojiuliza mwanamke yule alitaka kukwambia nini. Mlango wenye akili ukimrudisha mtu, unashika kile alichokuwa anakifuata, na akishatambulika unampeleka palepale. Wewe ulimtambua mkeo ukamrudisha kwenye salamu. Nimekasirika nikisoma hapo, mwanangu, maana jambo zito halitoki kama ombi la chaja, na alipokuwa anaangalia mikono yake alikuwa tayari anaongea.

Nenda kwa dada yake leo. Usijieleze wewe ni nani, anakujua. Saa ya mkononi iache nyumbani. Mwambie, "Mama watoto, ulisema kuna jambo," halafu funga mdomo. Akinyamaza, nyamaza naye. Hata giza likiingia hajasema neno, bado ni mkeo.