Zamu Isiyo na wa Kuipokea

Mjukuu wangu Tatu,

Marahaba. Hapa Ipole tumerina asali ya kutosha, ila nyumba imekuwa kubwa tangu babu yako atuache.

Umeuliza kama muuguzi anayeachiwa wadi peke yake huzoea. Nisikudanganye, mimi sikuzoea.

Enzi za Mwingereza nilikuwa hospitali ndogo ya Usoke. Daktari alikuja kwa treni mara moja kwa mwezi. Tulifundishwa kukabidhi zamu kwa kumsomea mwenzako ripoti. Mwenzangu alipohamishwa, kila asubuhi niliisomea meza.

Siku moja mgonjwa mmoja, bibi asiyeona, akaniambia kutoka kitandani, "Mwanangu, umemsahau mtoto wa dirishani. Anahema vibaya." Nikaenda kumwangalia, kweli homa ilikuwa imempanda.

Tangu hapo nikawa namsomea yeye. Nikimaliza, yeye alisema, "Nimepokea. Kalale, kukiwa na jambo nitakuita." Nami nikilala, nililala kweli.

Alipopona, wanawe wakaja kumchukua. Kesho yake nilikisomea kitanda chake kilichotandikwa, na usingizi haukuja.

Basi niandikie ripoti za zamu zako, mjukuu wangu, hata kama barua itachelewa kufika. Nimepokea. Kalale.

Bibi yako