Vidonge Alivyotema Neema

Jumanne, saa kumi jioni. Mikumi leo joto linanata, mawingu yamekaa tu juu ya milima na mvua hainyeshi. Nimefagia uwanja mara mbili. Kukaa siwezi.

Mwanangu Neema, wa darasa la nne, anakojoa damu tangu Jumamosi.

Asubuhi nimempeleka zahanati. Nesi, binti mdogo tu lakini mkali, akaniuliza, "Mama Neema, mwezi uliopita walipogawa dawa za kichocho shuleni, huyu alimeza?"

Nikasema alimeza.

Si kweli. Karatasi ya shule ilipokuja niliona yale maandishi madogomadogo nikaikunja. Mimi niliishia la tatu. Kumwuliza mwalimu nikaona haya, nikamwuliza jirani yangu Mama Asha. Akasema dawa zile zinawafunga mabinti uzazi. Basi nikamfundisha mtoto: kunywa uji wanaowapa kabla ya dawa, vidonge weka shavuni, ukatemee chooni. Darasa lao wamejaa mpaka wengine wanakaa chini, mwalimu angechungulia midomo mingapi? Akamwekea tiki.

Neema alinitii. Hapo ndipo panaponiuma.

Sasa nesi anasema kama alimeza na damu bado inatoka, huenda ni ugonjwa mwingine. Ametuandikia twende hospitali Kilosa wakamchunguze figo. Mtoto amekosa shule kwa ajili hiyo, na dawa yenyewe ipo pale pale zahanati.

Njiani Neema akanivuta khanga. "Mama, mbona umesema nilimeza?"

"Tembea, jua kali."

"Lakini nilitema. Uliniambia niteme."

Nikaongeza mwendo. Mimi, ninayemchapa akidanganya.

Nimeogopa kuonekana mjinga mbele ya binti wa watu, ndiyo hivyo tu. Mtoto anatoka damu, mimi nalinda sura yangu.

Nesi anakaa nyumba za nyuma ya zahanati. Nitabisha hodi sasa hivi kabla sijabadili mawazo. Atanisema. Na aniseme, bora Neema ameze mbele ya macho yangu.

Ila kuna jambo linanizungusha hapa uwanjani. Asha naye alitema, tulipanga pamoja na mama yake. Na wote wanaoga kwenye mfereji ule ule wa mashamba ya mpunga, wanakookotea kichocho.

Nikitoka kwa nesi, nitapita mlango wa Mama Asha kimya?