Huyu siyo Yunisi

Kudra, nimempoteza Yunisi. Nimeshampata. Usipige simu, siwezi kuongea.

Ule mpango wangu wa kukwepa foleni ulikubali mwanzoni. Tulifika kwenye michezo ya watoto hapa Mwanga wakati nyinyi bado mko kwenye sala ya Idi. Bembea hakuna mtu, jumba la kurukia hakuna mtu. Nikajiona mjanja.

Sala ikaisha, watu wakamiminika. Nikaona foleni ya treni ya watoto inarefuka. Nikamvuta Yunisi mkono kutoka kwenye jumba la kurukia, tukakimbia, kaka yake Erick nyuma.

Erick akasema, "Mama, huyu siyo Yunisi."

Nikamwambia, "Nyamaza, tutapitwa."

Akarudia. Nikamnyamazisha tena. Kudra, mtoto amesema mara mbili! Macho yangu yalikuwa kwenye foleni.

Namnyanyua nimpandishe treni, naona sura ya mtoto wa watu. Gauni lile lile la njano la fundi wako kama la Yunisi, nusu ya mji wamelivaa leo. Anamung'unya ubuyu, ametulia kabisa.

Tukarudi mbio. Mama wa yule mtoto alikuwa analia, amemshika Yunisi wangu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Dada, ulikuwa unawahi wapi?"

Nikamrudishia mwanawe, nikamchukua wangu. Hata kulia sijalia.

Yunisi bado anataka treni. Tumepanga foleni, tuko nyuma kabisa, nimemshika mkono. Sitaki isogee.